TVS HLX 125 na bima yake: miezi kumi na moja ya mwanafunzi

Mita inasoma kilomita 7,112. Nimeipiga picha leo alfajiri kabla sijatoka Goba, kwa sababu nilijiahidi kuandika haya ikifika 7,000 na nimeshapitiliza. Nazungumzia vitu viwili nilivyovinunua ndani ya wiki moja: pikipiki aina ya TVS HLX 125, mpya, na bima yake. Kuhusu cha kwanza nilipata ushauri hadi wa konda. Kuhusu cha pili kila niliyemuuliza alijibu hivyo hivyo: "Kata tu."

Ili ujue unamsoma nani: nina miaka 24, urefu futi 5 na inchi 1 nikiwa na raba mguuni, na nauza dawa kwenye famasi moja ya Sinza. Tunafunga saa tatu usiku. Kurudi nyumbani kwa daladala ni kupanda mbili, na katikati yake kuna kusimama Mwenge ukigombania mlango na watu wenye viwiko. Kwa bodaboda ni raha, ila siku nilipojumlisha nauli za mwezi mzima niliikunja ile karatasi nikaificha kwenye mkoba, mama asije akaiona. Sikuwahi kuendesha kitu chenye injini. Baiskeli yenyewe niliiachia darasa la sita.

Jambo jingine, na hili ndilo lililowachosha watu: kazi yangu inanifanya nisome vile vikaratasi vinavyokunjwa mara nane ndani ya boksi la dawa. Wateja huvitupa, mimi nalipwa nivisome. Basi tabia hiyo nilikwenda nayo mpaka dukani Kariakoo.

Mjomba wangu alipiga boda Mabibo miaka tisa kabla hajageuka fundi. Kwake suala la pikipiki halina mjadala. "Mama, chukua Boxer 150. Spea zake hata muuza vocha anazo." Na hapo hakukosea. Kuanzia maduka ya Gerezani mpaka kwa fundi wa chini ya mwembe huko Madale, kebo ya klachi ya Boxer hukosi. Inabeba gunia la mkaa pamoja na mwenye mkaa wake. Niliikalia, nikaipenda.

Kilichonikwamisha kilikuwa kwenye karatasi. Ujazo wa injini ya Boxer 150 ni cc 144.8. Lena yangu, ile leseni ya kujifunzia, ilikuwa ya daraja A1, na A1 ni pikipiki ambayo injini yake haizidi cc 125. Ukivuka hapo unatakiwa uwe na A. Nilipomweleza mjomba alicheka mpaka akaweka spana chini. "Trafiki gani atakusimamisha apime cc?"

Hakuna, nakubali. Lakini cc zimeandikwa kwenye kadi ya pikipiki, na daraja limeandikwa kwenye leseni. Siku ukimgonga mtu, karatasi hizo mbili zitalazwa kwenye meza moja mbele ya mtu wa bima asiye na haraka yoyote. Yeye ndiye atakayepima. Mjomba aliniangalia kwa muda, akaokota spana yake, akasema basi tafuta ya 125 ila usimletee mambo ya pikipiki zisizo na spea.

Hivyo ndivyo bima ilivyonichagulia pikipiki kabla hata sijaijua bima yenyewe. Nikabaki na tatu: Boxer ya 125, Honda Ace 125 na HLX 125. Honda ilijijua kwamba ni Honda, na bei yake ilijijua pia. Kati ya mbili zilizobaki niliamua kwa miguu. Nilizikalia zote nikiwa na zile raba, nikaziinamisha kulia na kushoto, nikazisukuma kwa nyuma nikiwa nimekaa. Jambo hilo la mwisho lifanye hata muuzaji akikununia, kwa sababu kutoa pikipiki kwenye maegesho yenye mchanga ndiyo shughuli ya kila siku, siyo kukimbia nayo. Kwenye HLX vidole vya miguu yote miwili vinagusa chini, na nikilala kidogo kushoto kisigino kinakaa chote. Mtu wa futi sita hawezi kuelewa kwa nini sentensi hiyo nimeiandika kwa furaha.

Duka la kwanza sikununua. Bei tulielewana, chini kidogo ya milioni 3, kisha kijana wa pale akataka kuniandikia risiti yenye pesa pungufu, "kwa faida yako, dada." Faida ipi? Ukikata bima kubwa, ile inayolipa hata chombo chako, thamani ya chombo inatoka kwenye karatasi kama hizo. Ukiandikisha pikipiki kwa nusu ya thamani yake ili ulipe kidogo, siku ya hasara unaweza kulipwa nusu ya hasara. Nilivuka barabara nikanunua duka la pili, risiti ya mashine, pesa kamili.

Sasa pikipiki yenyewe. Injini ni ya cc 124.5, inapozwa kwa upepo, ina stata na kiki, na pedali ya gia ni ile ya kukanyaga kwa vidole na kwa kisigino. Hiyo ya kisigino nilidhani ni ya wazee mpaka nilipogundua kwamba hainichubui viatu vya kazini. Klachi yake kwangu ni laini. Hili nalitaja kwanza kabla ya nguvu wala mwendo, kwa sababu mwanafunzi anaishi kwenye klachi. Kwenye foleni ya Mwenge jioni naweza kuivuta na kuiachia mara mia mbili, na mkono wa kushoto nilionao ni wa kuhesabia vidonge. Wiki mbili za mwanzo ulikufa ganzi, baadaye ukazoea.

Mafuta: nimekuwa nikijaza tangi na kuandika. Lita moja inanipeleka kati ya kilomita 45 na 50, kutegemea foleni na kutegemea kama nimembeba mdogo wangu, ambaye si mwepesi. Njia yangu ni ya Makongo, na ule mlima wa Makongo nikiwa peke yangu naupanda bila kelele. Tukiwa wawili narudisha gia moja mapema na kukubali kwamba hii ni 125. Kwenye lami iliyonyooka natulia kwenye 60. Inaweza zaidi, mimi siwezi.

Kiti ni kirefu na keria ni ya chuma halisi. Nimebeba ndoo, feni, keki ya kipaimara (keki sikuirudia). Anayetaka pikipiki ya kufanya shingo zigeuke atafute nyingine. Hii inafanana na zile za vijana wa kijiweni mpaka mara tatu nimesimamishwa na abiria. Mmoja alishapanda kabla sijasema neno.

Vipuri vyake mjomba alivitilia shaka, ila hadi sasa nilivyohitaji nimevipata: oili, kichujio, pedi za nyuma, kebo moja, kioo cha pembeni. Kioo ni kosa langu. Wiki ya tatu baada ya kupata leseni, kwenye mchanga wa njia ya kwetu, nilibana breki ya mbele nikiwa nimekata kona, jambo ambalo mwalimu alikuwa ameniimbia kila siku nisilifanye. Pikipiki ililala, nami nikalala pembeni yake kama tuliokubaliana. Watoto wawili waliokuwa wanakwenda kuchota maji walininyanyua, mmoja akauliza kama bado najifunza. Alama ya L, ya mwanafunzi, sikuwa nimeibandua, ilikuwa nyuma pale, kubwa.

Helmeti usinunue ile wanayokupa dukani kama zawadi. Na dada zangu wenye rasta, nendeni mkapime mkiwa mmeshasuka. Mimi nilipima nikiwa sijasuka, nikasuka Jumamosi, Jumatatu helmeti ikakataa kuingia. Nililazimika kuchagua kati ya nywele za elfu arobaini na helmeti ya elfu tisini. Nilifumua.

Haya, bima.

Watu wa mtaani wanazijua mbili, ndogo na kubwa. Ndogo ndiyo inayotakiwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Inamlipa mtu mwingine uliyemuumiza au uliyemharibia mali. Wewe mwenyewe, mguu wako, pikipiki yako, hapana. Kubwa inaongeza pikipiki yako: ajali, moto, wizi. Kati ya hizo mbili ipo ya tatu ambayo mawakala wengi hawaitaji mpaka uiulize, bima ndogo iliyoongezewa moto na wizi. Mimi niliikuta kwa kusoma, na nilipoiulizia wakala alinyamaza kidogo kama mtu aliyeulizwa habari za jirani aliyehama.

Wakala wangu wa kwanza ana meza na mwavuli karibu na kituo. Nitamwacha bila jina, yeye na kampuni yake. Ni mcheshi na ana haraka, na ndani ya dakika kumi alikuwa ameshanikatia bima ndogo kwa pesa ambayo haikufika laki. Kisha nikamwomba mkataba.

"Huo hapo," akaonyesha kava noti, ile karatasi ya kuonyesha kwamba umekatiwa bima.

Nikamwambia hiyo ni kava noti, mimi nataka mkataba wenye masharti. Akaniuliza wa nini. Kwa miaka yote aliyokaa chini ya ule mwavuli, alisema, hajawahi kuombwa. Siku mbili baadaye akanitumia faili kwa WhatsApp, kurasa 14, za Kiingereza, na emoji ya mtu anayecheka.

Nilizisoma usiku wa zamu tulivu. Ukishazoea vikaratasi vya dawa, mkataba wa bima hausumbui sana, mpangilio wake ni ule ule. Kuna inatibu nini, kuna kipimo chake, halafu kuna ukurasa wa "usitumie endapo", na huo ndio wa kusoma mara mbili. Kwenye mkataba wangu "usitumie endapo" ilikuwa na mambo manne yaliyonihusu. Dereva asiye na leseni ya daraja la chombo husika. Chombo kilichosajiliwa matumizi binafsi kikitumika kwa biashara. Kuchelewa kutoa taarifa ya ajali. Na kukiri kosa au kuahidi malipo kwa uliyemgonga bila kampuni kujua. Hilo la nne ndilo ambalo kila Mtanzania mwenye adabu atalivunja ndani ya dakika moja, kwa sababu neno la kwanza kutoka mdomoni ni "samahani, nitakulipa."

La kwanza ndilo lililonikosesha usingizi. Mwenye lena anahesabika kuwa na leseni? Wakala akasema, "Hakuna shida dada, wewe endesha." Nikamwomba aniandikie hilo neno "hakuna shida." Kimya. Nikaandika barua pepe kampuni yenyewe, nikajibiwa baada ya siku tisa: lena inakubalika pale tu masharti ya kujifunza yanapofuatwa, alama ya L iwepo na mwalimu awepo. Kwa maneno mengine, kuzunguka uwanjani na mwalimu wangu, sawa. Kwenda kazini Sinza peke yangu saa moja asubuhi, siyo sawa.

Kwa hiyo pikipiki mpya, iliyofunikwa turubai, ilikaa wiki tano kwa mjomba Mabibo ikinisubiri nifaulu. Nilikuwa nikienda Jumapili kuiangalia. Mjomba alikuwa akiniuliza kama nimemletea chakula. Leseni ilipotoka, shilingi 70,000 kwa miaka 5, bima yangu ilikuwa imeshakula wiki tano za mwaka wake bila tairi kugusa lami ya maana. Ningerudi nyuma ningemaliza mafunzo kwanza kwa pikipiki ya chuo, nipate leseni, ndipo niingie dukani. Shule za udereva zinazo pikipiki za kujifunzia, zimeshaangushwa na kila mtu, hazioni haya.

Jambo jingine ambalo ningelikosa bila ile tabia yangu: kuhakiki. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wake mtandaoni, TIRA-MIS, ambao unaingiza namba ya chombo unaona bima yake ni ya kampuni gani na inaisha lini. Niliingiza yangu nikiwa nimesimama kwenye ule mwavuli. Haikuonekana. Tukajaribu tena. Haikuonekana. Herufi ya mwisho ya namba yangu ilikuwa imeandikwa vibaya, kwa hiyo mahali fulani kuna pikipiki ya mtu nisiyemjua ambayo kwa siku mbili ilikuwa na bima mbili na yangu haina. Ilirekebishwa baada ya siku mbili na simu sita. Usiondoke mezani kwa wakala kabla hujaiona namba yako kwenye simu yako mwenyewe.

Mwezi wa tano binamu yangu akaja na wazo. Jumapili siendi kazini, pikipiki imekaa tu, kwa nini asiitoe akapige boda asubuhi mpaka mchana tugawane? Namba ya pikipiki yangu ni ya njano, matumizi binafsi. Za biashara ni nyeupe. Nilimweleza kwamba akimwangusha abiria, ile bima inakuwa karatasi ya kufungia maandazi. Akasema nina roho mbaya. Shangazi naye akapiga simu kuuliza kama ni kweli nina roho mbaya. Nilimsomea shangazi kipengele kile kwa simu, nikikitafsiri taratibu, na akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa wewe si ungesema tu pikipiki ni mbovu."

Na mwezi wa saba ikatokea ya kwangu. Nilikuwa napenya kati ya magari Mwenge, nikachukua kioo cha pembeni cha Toyota IST. Kioo kilining'inia kwa waya. Mwenye gari alishuka, mtu mzima, mpole kuliko nilivyostahili, akasema mwanangu kioo hiki na kazi ya fundi ni kama laki na ishirini. Ulimi ulikuwa umeshatoka nje na "nitakulipa" nikaukumbuka ule ukurasa. Nikasema pole sana mzee, nimekata bima, tuite trafiki. Uso wake ulibadilika. Nadhani angependelea nimtukane.

Tulipoteza nusu siku. Trafiki alikuja, akachora, tukaandikishwa kituoni. Ripoti ya polisi, ile PF90, ilichukua safari mbili nyingine. Wakala alipopigiwa alinishauri, "Malizaneni tu, dada," yaani mtu niliyemlipa ili anisimamie ndiye wa kwanza kuniambia nijisimamie. Nilijaza fomu ya madai, nikaambatanisha kadi, leseni, ripoti, picha, makadirio ya gereji. Wakaomba leseni kwa mara ya pili. Hapo nilielewa kwamba kama ningekuwa juu ya Boxer 150 na A1 yangu, safari ingeishia pale.

Walilipa. Wiki saba baada ya siku ile, mzee alinitumia ujumbe kwamba pesa imeingia, na akaongeza picha ya kioo kipya. Kwa shilingi 120,000, ukihesabu ruhusa za kazi na nauli, nilipata hasara kidogo. Lakini nilikuwa nimeshaujaribu ule mlango nikajua unafunguka, na kwamba siku itakapokuwa mguu wa mtu badala ya kioo, najua karatasi zinazotakiwa na mpangilio wake. Mjomba bado anasema nilipaswa kumaliza palepale kwa elfu themanini. Huenda.

Alama zangu, kwa wanaozipenda: pikipiki 4 kati ya 5 kwa mtu mfupi anayeanza. Ile moja ninaibakiza kwa siku za kumpakia mdogo wangu Makongo. Bima kama bidhaa, 3. Wakala, 1, nayo ni ya emoji.

Bima inaisha tarehe 14 mwezi ujao. Nimeshaomba bei sehemu tatu. Kubwa ilinijia zaidi ya mara tatu ya ndogo, na bado kuna kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho unakibeba mwenyewe, kwa hiyo kuanguka kwangu kwa mchangani hakungelipwa hata senti. Ninachokihofia hasa ni wizi. Pikipiki inalala uani, geti letu ni la mabati, na mbwa ni wa jirani. Kwa hiyo nakwenda kwa ile ya katikati, ndogo pamoja na moto na wizi, kwa wakala mwingine, mama mmoja mwenye ofisi ndogo Sinza ambaye nilipomwomba mkataba alifungua droo akautoa, akaweka na kalamu juu yake. Yule wa mwavuli ameniandikia jana: "Dada bima inakaribia kuisha, nikukatie?" Nimemjibu kwamba bado nasubiri lile neno "hakuna shida" kwa maandishi. Tiki mbili za bluu, tangu jana.